Kujua Kabla ya Kusahau

Msomaji mwema, huenda nyumbani kwenu yupo mzee ambaye huuliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Mara ya kwanza mlimjibu kwa upole. Mara ya tano yamkini mmoja wenu alicheka, na mwingine akainuka akaenda zake. Watu wa nyumbani husema kuwa huo ni uzee tu, na majirani husema jambo jingine kwa sauti ya chini. Miaka hupita na swali hurudiwa, hata siku moja mzee huyo humtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe akamuuliza yeye ni wa nani.

Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo babu zetu hawakupata kuulizwa, kwa sababu zama zao hapakuwa na njia ya kulijibu. Ikiwa kipo chombo kiwezacho kuona ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, kikaona alama za maradhi ya kusahau miaka mingi kabla mtu huyo hajaanza kusahau, je, ni heri atazamwe? Na akiisha kutazamwa, ni nani mwenye haki ya kujua kilichoonekana? Swali la kwanza ni nusu la utabibu na nusu la maadili. La pili ni la maadili matupu, na kwa kadiri nilivyoishi nimeona kwamba hilo la pili ndilo huvunja nyumba.

Maradhi ninayoyataja yana jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 aliletwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwanamke mmoja wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Daktari alikaa naye akamwuliza maswali mepesi, na majibu yake akayaandika. Siku moja alimwambia aandike jina lake. Mwanamke akaandika neno la kwanza, ambalo ni sawa na "Bibi" katika lugha yetu, kisha akakwama. Jina lenyewe lilikuwa limemtoka. Inasimuliwa kuwa alisema amejipoteza. Alikufa mwaka 1906. Alzheimer, ambaye wakati huo alikuwa amehamia mji wa Munich, aliletewa ubongo wake, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Aliona mabaka yaliyotanda baina ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe akaona nyuzi zilizosokotana. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, na mwaka 1910 Emil Kraepelin aliyaita maradhi hayo kwa jina la mwenzake.

Angalia vyema jambo lililo ndani ya kisa hiki. Daktari aliyaona maradhi ya mgonjwa wake baada ya mgonjwa kufa. Hali ilidumu hivyo kwa karibu miaka 100. Madaktari waliweza kumhoji mgonjwa na kuupima ukumbusho wake. Baadaye walipata mitambo ya kuonyesha kama ubongo umesinyaa, au kama una uvimbe, au kama damu imevuja ndani yake. Lakini yale mabaka na zile nyuzi hayakuonekana kwa mtu aliye hai. Neno la hakika lilitoka katika chumba cha maiti, na wakati huo halikuwa na faida tena kwa yule ambaye lilimhusu.

Mambo yaligeuka katika chuo kikuu cha Pittsburgh huko Marekani. William Klunk, daktari wa magonjwa ya akili, na Chester Mathis, mwanakemia, walianza na fikira iliyo nyepesi kusema na ngumu kutenda. Ikiwa iko rangi ambayo hushika mabaka katika ubongo wa maiti, kwa nini isitengenezwe ndugu yake ambayo itayashika katika ubongo wa mtu aliye hai? Rangi ya kale ilikataa kuingia, maana baina ya damu na ubongo pana kizuizi kisichopitisha kila kitu. Iliwapasa waigeuze umbo hata iweze kupenya, ishike mabaka na kuyaachilia mengineyo, tena ionekane kutoka nje ya fuvu. Baada ya miaka mingi ya majaribio walipata waliyoyataka. Mtu wa kwanza alidungwa dawa hiyo mwezi wa Februari mwaka 2002 mjini Uppsala, nchini Uswidi, na habari za watu wa kwanza, wagonjwa 16 na wazima 9, zilichapishwa mwaka 2004.

Namna dawa inavyoonekana ni ajabu ambayo mwanafunzi wa fizikia ataipenda. Dawa hufungamanishwa na atomu zenye mionzi, kisha kiasi kidogo mno chake hudungwa katika mshipa wa mkono. Damu huichukua hata ubongoni. Palipo na mabaka hunata, na pasipo na mabaka huoshwa na kuondoka. Atomu zile hazitulii. Kila moja ikivunjika hutoa chembe iitwayo positroni, ambayo ni kinyume cha elektroni. Positroni haiendi mbali. Hukutana na elektroni, zote mbili zikaangamia, na mahali pao huruka miali miwili ikielekea pande mbili zilizo mkabala. Mgonjwa amelala kichwa chake kikiwa ndani ya duara la mtambo, na duara hilo hunasa miali yote miwili kwa wakati mmoja. Kompyuta huchora mstari baina ya mahali miali ilipogonga, na baada ya mistari isiyo na idadi kupitana, picha hutokea. Hakuna kisu wala tone la damu lililomwagika.

Dawa ile ya kwanza ilikuwa na taabu moja. Atomu zake za kaboni hupungua nusu kila dakika 20 hivi, kwa hiyo hospitali isiyo na mtambo wake yenyewe wa kuzitengeneza haikuweza kuitumia. Wataalamu wakaiacha kaboni, wakachukua aina ya florini ambayo hupungua nusu kwa dakika 110 hivi; dawa ya namna hiyo yaweza kupikwa alfajiri mahali pamoja na kupelekwa kwa gari mahali pengine. Florbetapiri iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2012, flutemetamoli mwaka 2013 na florbetabeni mwaka 2014. Hizo tatu huonyesha mabaka, ambayo ni ya protini iitwayo amiloidi. Mwaka 2020 iliruhusiwa flortausipiri, ambayo huonyesha zile nyuzi zilizosokotana.

Hapo nyuma ya hesabu na majina pana watu ambao sitaki uwapite bila kuwasalimu. Ili ijulikane kwa yakini kwamba picha inasema kweli, hapana budi ilinganishwe na ubongo wenyewe. Wakatafutwa watu waliokuwa karibu na mwisho wa maisha yao, na wao au jamaa zao wakakubali mambo mawili: wapigwe picha wakiwa hai, na wakiisha kufa ubongo wao upasuliwe na kutazamwa. Habari zao zilichapishwa mwaka 2011 na mwaka 2012. Picha na ubongo vilipatana kwa kiasi kikubwa. Watu hao hawakuwa na tumaini la kupona. Elimu iliyotoka katika miili yao ilikuwa ya watu wengine watupu. Mtu akikuambia kwamba sayansi haina habari na wema, mkumbushe hao.

Sasa narudi kwenye swali. Kabla mtu hajaamua kama ataka kuona, yampasa ajue ni nini hasa kitakachoonekana, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, illa kila mkulima anajua kwamba si kila wingu huleta mvua. Picha hii huonyesha wingu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoiruhusu florbetapiri mwaka 2012 ilieleza kwamba picha isiyo na mabaka hupunguza shaka ya kuwa usahaulifu wa mtu watokana na maradhi ya Alzheimer, lakini picha yenye mabaka peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Mwaka 2015 uchunguzi wa watu wengi kutoka nchi nyingi ulikusanywa pamoja, ukaonyesha kwamba miongoni mwa watu wenye akili timamu kabisa, karibu 10 katika 100 wana mabaka hayo wakiwa na miaka 50, na karibu 44 katika 100 wakiwa na miaka 90. Fikiri juu ya hesabu hiyo ya pili. Wapo vikongwe ambao ubongo wao una mawingu mazito, nao wanakumbuka majina ya wajukuu wote na madeni ya majirani wote pia.

Kwa ajili hiyo naona kuwa si haki kuwaweka watu wote katika kapu moja. Mtu ambaye amekwisha kuanza kusahau, na daktari hana yakini kama ni maradhi haya au mengine, ana sababu njema ya kutazamwa. Zipo sababu za kusahau ambazo zina dawa, kama upungufu wa vitamini fulani, ugonjwa wa tezi, huzuni kubwa iliyokaa moyoni, na hata dawa nyingine anazozimeza. Kumwita mtu wa namna hiyo mgonjwa wa Alzheimer kwa kubahatisha ni dhuluma, na picha safi yaweza kumwokoa nayo.

Tena lipo jambo ambalo sisi wa pwani na wa bara hatuna ruhusa ya kulinyamazia. Katika sehemu za Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na aghalabu nyuma ya shutuma hiyo kulikuwa na shamba. Mzee atembeaye usiku bila kujua aendako, asemaye peke yake, asahauye jina la jirani, ni mzee rahisi kushutumiwa. Kwake yeye jina la maradhi si habari mbaya. Ni ngao. Lakini ona kwamba ngao hii haihitaji mtambo wa fedha nyingi. Yatosha awepo daktari au muuguzi mwenye subira, na jamaa waliofundishwa. Mitambo ya picha za positroni ipo Nairobi, na kazi yake kubwa ni saratani. Mzee wa kijijini asingojee mpaka atakapofikishwa huko ndipo aaminiwe kuwa ni mgonjwa.

Lakini huyu mwingine je, ambaye ni mzima, anafanya kazi yake vyema, ila mama yake alikufa kwa maradhi haya naye analala na hofu? Je, atazamwe? Nimesikia hoja za pande mbili na hakuna iliyo ya kipumbavu. Mmoja husema kwamba kujua ni mwanga, na atembeaye gizani hujikwaa. Akijua, ataandika wosia wake mapema, atapatana na ndugu waliogombana naye, na ile safari aliyoiahirisha ataifanya. Mwingine husema kwamba mwanga usioonyesha njia ya kutokea huonyesha kuta za gereza tu. Kila atakapoisahau funguo mezani atadhani siku imefika, na miaka 15 ambayo angaliishi kwa furaha ataiishi akijipima.

Zamani hoja ya pili ilikuwa nzito kwangu, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Siku hizi imepungua uzito, ingawa haikuisha. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kikamilifu dawa iitwayo lekanemabu, na mwaka 2024 ikaruhusu donanemabu, ambazo huondoa mabaka ubongoni. Katika majaribio yake, lekanemabu ilipunguza mwendo wa kudhoofika kwa 27 katika 100 kwa muda wa miezi 18. Haikuyasimamisha maradhi wala haikurudisha kilichopotea. Bei yake ni kubwa, na baadhi ya watu huvimba ubongo au kuvuja damu kwa ajili yake. Tena ni ya walioanza kuugua kidogo. Mzima mwenye hofu bado haijamhusu, na wazima walioonekana na mabaka wakapewa dawa nyingine ya jamii hiyo kwa miaka kadhaa hawakupata nafuu. Majibu hayo yalitoka mwaka 2023. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu hata kipimo cha damu cha kusaidia kutambua mabaka hayo kwa watu wenye dalili. Maana yake ni kwamba swali letu halitabaki kuwa swali la matajiri wenye mitambo. Litafika katika zahanati, na yamkini wewe usomaye utakuwa mzima wa kutosha kuliona likifika.

Juu ya hofu pia tunaweza kuongozwa na mambo yaliyojaribiwa. Mwaka 2009 zilichapishwa habari za watoto wa wagonjwa ambao waliambiwa kama wana aina ya urithi unaozidisha hatari ya maradhi haya. Kwa jumla hawakuzama katika huzuni kuliko wale ambao hawakuambiwa. Walakini watu hao walitaka kujua kwa hiari yao, na walielezwa kwa utaratibu na watu waliojua kueleza. Ondoa hiari na utaratibu, na sidhani kwamba jibu lingekuwa lilelile.

Neno hilo la hiari lanifikisha kwenye swali la pili, la nani mwenye haki. Nitakuambia kilichotokea katika jamaa yetu, kisha uamue mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya 30. Alipokwisha kustaafu alianza kupotea njia ya kwenda msikitini, njia aliyoipita tangu utoto. Wanawe walimpeleka kwa daktari. Hakupigwa picha ya namna niliyoieleza. Alihojiwa, akapimwa damu, akapigwa picha ya kawaida, na daktari akaona kuwa dalili zote ni za maradhi haya. Lakini daktari yule hakumwambia mgonjwa. Aliwaita wanawe pembeni akawaambia wao, nao wakapatana wasimwambie baba yao, wasije wakamvunja moyo. Nami nilikubaliana nao. Tulisema ni huruma, na nusu yake ilikuwa huruma kweli.

Mwaka uliofuata sehemu ya shamba ilibadilishwa jina. Mjomba alitia sahihi karatasi ambayo hakuelewa yaliyomo, na wanawe wawili wakapata zaidi kuliko dada zao. Siku moja ambayo akili yake ilikuwa safi, maana maradhi haya huwa na siku zake safi, aliikuta barua ya daktari kabatini. Aliisoma yote, mwalimu yule, polepole kama asahihishaye insha. Kisha alitukusanya. Hakuulizia shamba. Alituuliza tangu lini tulijua, na tulipomwambia miezi alihesabu kwa vidole, akasema, "Katika miezi hiyo yote nilikuwa ningali naweza kugawa mwenyewe. Mlinizika, kisha mkanirithi, nami nikila nanyi sahani moja."

Watu hunukuu methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nao humkusudia mgonjwa. Siku ile niliona kuwa yaweza kuwakusudia jamaa pia. Habari ya ubongo wa mtu ni mali yake kuliko shamba lake. Shamba laweza kununuliwa tena; ile miezi ya kuamua akiwa na akili haikununuliki. Daktari akiona mabaka katika picha, au akiona dalili bila picha, yule wa kwanza kuulizwa kama ataka kujua ni mwenye kichwa chake. Akisema hataki, na anyamaziwe. Hiyo nayo ni haki yake, na mwanawe asimlazimishe kwa kisingizio cha mapenzi. Akisema ataka watoto wake wajue badala yake, na awataje mwenyewe. Lakini kumruka yeye na kuwaendea wengine wakati angali aweza kuulizwa, hilo sioni udhuru wake, hata likivikwa vazi la huruma.

Najua utauliza, na una haki, kuhusu yule ambaye amekwisha kupita hapo, asiyeweza tena kuelewa swali lenyewe. Kwake yeye hapana budi wengine waamue. Lakini kwa kuwa siku hiyo yaweza kumfikia yeyote, swali lafaa kuulizwa mapema, watu wakiwa wazima, kama tuulizanavyo ni nani atakayeshika funguo wakati wa safari. Katika nyumba nyingi haliulizwi. Wazee huona ni kujiombea mabaya, na vijana huona ni utovu wa adabu kuwauliza.

Ama mimi mwenyewe, ukiniuliza kama ningependa kupigwa picha hiyo leo, nikiwa mzima, nitakujibu kwamba sitaki, maana leo hakuna jambo ambalo ningelitenda kwa kuliona wingu ambalo nisingelitenda bila kuliona. Siku nitakapoanza kupotea njia niliyoizoea, nataka nitazamwe kwa chombo chochote kitakachokuwapo, na nataka niambiwe mimi kwanza. Maneno hayo nimeyaandika katika karatasi na kumpa binti yangu mkubwa. Aliipokea bila kusema kitu, akaikunja mara mbili, na sijui ameiweka wapi.